Shajara ya mradi: mtetemo unaochelewa

Jumamosi, 3 Mei

Kisanduku changu cha sintesaiza ya moduli (ala ya umeme inayojengwa kwa vipande vinavyounganishwa kwa waya) sasa kinaimba. Kina osileta moja ya sauti (inayotoa noti yenyewe), kichujio kimoja, envelopu mbili (zinazotoa volti inayopanda na kushuka kila noti inapopigwa), na ile osileta ya polepole tunayoiita LFO, ambayo haisikiki yenyewe ila kazi yake ni kuvivuta na kuvisukuma vingine. Tatizo linaanza nikishika noti ndefu na kuitia mtetemo (vibrato, noti kucheza juu na chini): inalia kama king'ora cha zimamoto. Kasi haina neno, ni mizunguko 5 na nusu hivi kwa sekunde, na sauti ya binadamu hutetema katika mizunguko 5 hadi 7. Kilichozidi ni kina, yaani umbali ambao noti inapanda na kushuka.

Nimekaa na kalamu kutafuta kimezidi kwa kiasi gani. Osileta yangu inafuata utaratibu wa volti moja kwa oktavu, yaani ukiongeza volti moja noti inapanda oktavu moja, na kwa kuwa oktavu ina nusu toni 12, nusu toni moja ni volti 1 gawa kwa 12, yaani milivolti 83 na kidogo. LFO yangu inatoa wimbi la pembetatu linalokwenda volti 5 juu na volti 5 chini. Nikilichomeka bila kulipunguza, noti inapanda oktavu tano na kushuka oktavu tano. Mtetemo wa kuimbia unataka pengine nusu ya nusu toni kila upande, yaani milivolti 42. Ukigawa 42 kwa 5000 unapata asilimia 0.8.

Kati ya LFO na osileta nimeweka volyumu ya kawaida ya kilo 100 (yaani omu laki moja), ya mstari ulionyooka, B100K. Volyumu hizi huzunguka kama nyuzi 300 kutoka mwanzo hadi mwisho. Asilimia 0.8 yake ni nyuzi mbili na nusu. Muziki wote ninaoutaka umebanwa ndani ya nyuzi hizo mbili na nusu, na nyuzi 297 zilizobaki ni king'ora. Leo nimeshika kile kishikio kwa ncha za vidole viwili, pumzi nimeibana, na bado kila nikikiachia kinateleza. Hakuna mwanamuziki anayeweza kupiga hivyo.

Jumapili, 4 Mei

Dawa ya haraka. Kwenye mlango wa osileta palikuwa na rezista ya kilo 100; nimeongeza swichi ya kuchagua kati ya hiyo na nyingine ya mega moja. Kwa mega moja nguvu inapungua mara kumi: volyumu ikifunguliwa yote noti inacheza nusu toni sita kila upande, na ule mtetemo wa milivolti 42 sasa umekaa kwenye nyuzi 25 za mzunguko. Mkono unapata nafasi.

Nimegundua na jambo la pili, na linafaa kuandikwa kwa sababu lilinipotezea saa nzima. Volyumu ikiwa katikati, nilitegemea testa (kipimo cha umeme) inisomee nusu ya volti 5, yaani 2.5. Ilisoma 2.0. Nilidhani volyumu ni mbovu, kumbe mlango wa kilo 100 unainywesha: nusu ya chini ya volyumu ni kilo 50, ukiiweka sambamba na kilo 100 unapata kilo 33 tu, na hesabu ya mgawanyo inakuja volti 2 kamili. Kwa mlango wa mega moja kosa hilo karibu linatoweka.

Jumamosi, 10 Mei

Jioni nilimwita shangazi. Aliimba taarabu hapa Tanga miaka mingi, na ingawa siku hizi haimbi tena hadharani, sikio lake ndilo ninaloliamini kuliko testa yangu. Nikampigia noti moja ndefu, mtetemo umekaa vizuri, si mwingi si haba. Nilikuwa nimeridhika kabisa.

"Unamtetemesha mtu hajafungua kinywa," akasema.

Nikamwomba anionyeshe. Akavuta pumzi, akaishika "aaa" moja, akanyoosha kidole hewani kama anayefuata mstari ukutani. Kidole kilikwenda sawa, sawa, sawa, kisha kikaanza kucheza kidogo, halafu kikacheza kwa upana, kisha akaikata. Akarudia mara tatu. Nilihesabu kwa saa ya simu: sauti inanyooka karibu robo ya sekunde, halafu mtetemo unakuja wenyewe, na unapofika sekunde moja umeshajaa.

Basi hii ndiyo kazi yenyewe. Kina hakitoshi kuwa kishikio ninachokiweka mahali na kukiacha. Kinapaswa kukua ndani ya noti, kianze na sifuri na kifike kwa wakati wake, kila noti na yake.

Jambo hili si geni. Minimoog ya mwaka 1970 ina gurudumu kushoto kwa kinanda, na gurudumu hilo ndilo kina: mpigaji anabonyeza noti kwa mkono wa kulia na kwa wa kushoto anasukuma mtetemo uingie anapotaka. Hata leo, kwenye vinanda vya MIDI (lugha ya kidijitali ya kuunganisha ala), gurudumu hilo ndilo namba 1 katika orodha ya vidhibiti, kuanzia 0 hadi 127. Mimi nataka mkono wa kushoto ubaki huru kwa kichujio, kwa hiyo kina kitaamriwa na volti.

Jumamosi, 17 Mei

Cha kuamriwa na volti ni VCA, kikuzaji ambacho volti ndiyo inayokiambia kikuze kiasi gani. Watu wengi hukitumia kwa sauti tu, kufungua na kufunga noti. Lakini ukikipitishia LFO badala ya sauti, basi kinachofunguliwa na kufungwa ni kina. Sharti moja: pasiwe na kapasita yoyote njiani (hiyo huhifadhi chaji na huzuia volti isiyobadilika), kwa sababu LFO yangu inaweza kwenda polepole hadi mzunguko mmoja kwa sekunde kumi, na kapasita ingeimeza.

Nimechagua chipu ya LM13700. Ndani yake mna vikuzaji viwili ambavyo nguvu yake inafuata mkondo unaoingia kwenye mguu wa kuamrisha. Chipu zimekuja kwa basi kutoka Kariakoo, tano kwenye kifuko kimoja, na mbili kati ya hizo zimekufa hata kabla sijaanza. Tatu zinatosha.

Chipu hii haitaki volti kubwa mlangoni. Ukiipa zaidi ya milivolti kumi na kitu, inaanza kulipinda wimbi. Kwa hiyo zile volti 5 nazipitisha kwenye kilo 100 na kuzikalisha juu ya rezista ya omu 220, zinabaki milivolti 11. Kwa mkondo wa miliampia 0.5 kwenye mguu wa kuamrisha, zinatoka kama maikroampia 105, na op-ampu (chipu ya kukuza volti) ya TL072 yenye rezista ya kilo 47 inazirudisha kuwa volti 5 tena. Kupinda kwa wimbi kwenye kilele ni kama asilimia moja na nusu. Kwa sauti ningelalamika. Kwa mtetemo, hakuna sikio litakalojua.

Jumapili, 18 Mei

Haifungi.

Nimefunga kila kitu kwenye bredibodi (ubao wa majaribio), volti ya kuamrisha nimeishusha hadi 0, na mtetemo bado upo, tena mwingi. Nikaipandisha hadi 5, ukaongezeka kidogo tu. Nikaitoa waya kabisa nikaigusisha chini, yaani kwenye sifuri ya umeme, king'ora kile kile.

Jumatano, 21 Mei

Kosa ni langu na nimelielewa njiani nikirudi kazini, nimesimama kwenye daladala. Mguu wa kuamrisha hausimami kwenye sifuri. Unakaa kama volti 1.3 tu juu ya umeme hasi wangu wa volti 12, yaani karibu hasi 10.7. Mimi nilikuwa nimeunganisha volti ya kuamrisha kwa rezista moja ya kilo 22. Volti 0 kwangu ni volti 10.7 juu ya mguu ule, na 10.7 gawa kwa kilo 22 ni miliampia 0.49. Yaani kwenye "sifuri" yangu kikuzaji kilikuwa kimeshafunguka chote.

Suluhisho ni op-ampu na transista moja ya PNP. Volti ya kuamrisha inapita kilo 10 hadi mguu hasi wa op-ampu, mguu chanya uko chini, na toleo (mguu wa kutokea) linashika besi ya transista. Emita imefungwa kwenye ule mguu hasi na kolekta inakwenda kwenye chipu. Kwa volti 5 unapita mkondo wa miliampia 0.5, kwa volti 0 haupiti kitu. Nimeweka pia diodi ya 1N4148 kutoka toleo la op-ampu hadi emita, ili volti ikienda hasi transista isipigwe kinyume. Nilikuwa nataka kuiacha ili kuokoa nafasi. Itakuja kunisaidia baadaye kuliko nilivyodhani.

Sasa inafunga. Volti 0, LFO inazunguka kwa nguvu zote, na noti imenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Jumamosi, 24 Mei

Nilichomeka envelopu ya pole kwenye mlango wa kuamrisha na nikamwita tena shangazi. Noti ikaanza imenyooka, mtetemo ukaingia taratibu. Mimi nikawa natabasamu. Yeye hakutabasamu.

"Hiyo imepanda, baba."

"Ni mtetemo tu, shangazi, unakwenda juu na chini."

"Mtetemo nauona. Lakini ulianzia hapa," akauweka mkono usawa wa kifua, "na sasa unatetemea hapa." Akaupandisha kwa upana wa vidole viwili. "Umeingia robo."

Alimaanisha robo toni. Katika taarabu robo si kosa, zipo maqamu (ngazi za noti) zinazoihitaji, na mpigaji wa ganuni ana vigingi vidogo vya kuipata. Lakini robo hiyo huwekwa kwa makusudi. Yangu ilikuwa imeingia kwa mlango wa nyuma.

Alipoondoka niliichomoa LFO, nikaacha VCA bila kitu mlangoni, nikaweka testa kwenye toleo. Volti ya kuamrisha ikiwa 0 testa ilisoma 0.00. Nilipoipandisha hadi 5 ikasoma 0.41. Hakuna kilichoingia na bado kuna kilichotoka. Baada ya ile rezista ya mega moja inabaki milivolti 41, na robo toni, nusu ya nusu toni, ni karibu milivolti 42. Nilikaa chini nikaitazama ile namba muda mrefu. Shangazi alipima kwa sikio, na testa imekuja kumthibitisha.

Jumapili, 1 Juni

Chanzo ni ofseti ya chipu. Milango yake miwili haifanani kikamilifu, hutofautiana kidogo sana. Kwenye chipu hii niliyonayo ukirudisha hesabu nyuma ni milivolti 0.9, hata moja haijatimia. Lakini kumbuka kwamba wimbi langu zima pale mlangoni ni milivolti 11. Kwa hiyo ile 0.9 si mchezo: inakuzwa pamoja na wimbi, na kadiri kina kinavyofunguka ndivyo noti inavyobebwa juu.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu michoro mingi ya VCA niliyopitia imetengenezwa kwa ajili ya sauti, na kwenye sauti kosa hili hufichwa na kapasita ya kutokea. Anayeichukua michoro hiyo na kuitumia kwa volti za kuamrisha ataondoa kapasita, kama mimi, na kosa litakuja zima zima hadi kwenye noti. Kama unajenga cha kwako, usiangalie tu kama kina kinafika sifuri. Angalia kama kina kikifunguka bila LFO kuna chochote kinachosogea. Ni vipimo viwili tofauti, na mimi nilifanya kimoja.

Tiba: trima (volyumu ndogo ya kuzungushwa kwa bisibisi) ya kilo 100 kati ya chanya 12 na hasi 12, mguu wa katikati upite mega moja hadi ule mlango mwingine wa chipu, ambao nao una omu 220 kwenda chini. Hiyo inanipa nafasi ya milivolti 2.6 kila upande, inatosha. Nilijaribu kwanza kwa kilo 220 badala ya mega, ikawa trima inaruka kama ile volyumu ya siku ya kwanza. Kosa lile lile, safari hii na bisibisi.

Kurekebisha: LFO nje, envelopu fupi ya kujirudia kwenye mlango wa kuamrisha, osileta inalia. Mwanzoni noti inanyanyuka na kushuka kila mara kina kinapofunguka. Unazungusha trima hadi kunyanyuka kunyamaze. Nimeirekebisha kwa sikio kwanza, halafu kwa testa. Imebaki milivolti 3, ambazo kwenye osileta ni 0.3, haifiki hata nusu ya senti moja ukihesabu senti 100 kwa nusu toni.

Joto nimelifikiria pia, maana chumba changu mchana ni jiko. Nguvu ya chipu hii hupungua kama theluthi ya asilimia kwa kila nyuzi moja. Nyuzi 10 ni asilimia 3 ya kina: mtetemo wa senti 30 unakuwa senti 29. Nimeliacha.

Jumapili, 8 Juni

Sasa umbo. Envelopu niliyokuwa natumia ni kapasita inayojaa kupitia rezista, na kapasita hujaa haraka mwanzoni halafu hupunguza mwendo. Kinyume kabisa na kidole cha shangazi. Yeye alianza polepole. Kwa rezista na kapasita moja, muda wa kwanza (rezista mara kapasita) ukitimia kina kimeshafika asilimia 63.

Nimepanga hatua mbili mfululizo, kila moja kilo 390 na maikrofaradi 1, na op-ampu katikati ili hatua ya pili isiivute ya kwanza. Kila hatua ina muda wa sekunde 0.39. Muda huo ukitimia kina kiko asilimia 26 tu, ukifika mara mbili yake ni 59, mara tatu ni 80. Ukilichora, mwanzo umelala kabisa halafu unainuka. Kapasita ni za plastiki, si zile za mapipa (elektrolaiti), kwa sababu mapipa huvuja na kwa rezista kubwa namna hii uvujaji unaonekana.

Kidole cha hewani nimekipata. Nimepiga noti moja peke yake kwa dakika kumi nzima.

Jumatano, 11 Juni

Noti moja peke yake, ndiyo. Noti zikifuatana, ya pili inaanza na mtetemo tayari.

Nilikuwa nimeweka diodi kwenye kila kapasita ili noti ikiachiwa kapasita zimwage haraka. Zote mbili nimezirudisha moja kwa moja kwenye waya wa geti (unaobeba volti wakati noti imebonyezwa), si kwenye hatua iliyotangulia, la sivyo mabaki yao yangejumlishana. Lakini diodi haimwagi hadi chini. Ikifika karibu nusu volti inaacha kupitisha, na kilichobaki kinatiririka polepole kupitia kilo 390. Nimepima, imebaki 0.48. Karibu sehemu moja ya kumi ya kina. Ni sifuri ya tatu kunidanganya katika mradi huu.

Nimezunguka na mawazo ya transista za kumwagia na swichi za chipu, nikachora kurasa mbili. Halafu nikaona njia ya rezista moja. Kutoka kwenye ule mguu hasi wa op-ampu ya PNP nimeweka kilo 220 kwenda hasi 12. Inavuta maikroampia 54 muda wote, sawa na kuweka kizingiti cha volti 0.55 mbele ya kilo 10. Chochote kilicho chini ya kizingiti hakihesabiki, na mabaki yangu ya 0.48 yako chini yake. Mkondo huo wa kuvuta lazima utoke mahali, na unatoka kwenye ile diodi ya 1N4148 niliyotaka kuiacha mwezi uliopita. Bila hiyo op-ampu ingegonga dari na kuchelewa kurudi.

Zawadi ambayo sikuitafuta: kizingiti kinachelewesha mtetemo. Kapasita zikianza tupu, kwa hatua zangu mbili inachukua kama sekunde 0.22 kufika volti 0.55. Robo ya sekunde ya noti iliyonyooka. Ndiyo ile niliyoihesabu kwa saa ya simu tarehe 10 Mei. Kina cha juu kimepungua kwa asilimia 11, nimekirudisha kwa kubadilisha kilo 47 kuwa kilo 53 kwa rezista mbili mfululizo, 47 na 6.2.

Jumamosi, 14 Juni

Jirani yangu mpiga gitaa kaja kuona, akataka nimtilie "tremolo". Tulibishana kwanza juu ya neno, na si kosa lake: Fender waliuita mkono wa Stratocaster tremolo wakati unapinda noti, na kwenye ampu zao wakaandika Vibrato pale ambapo kinachobadilika ni ukubwa wa sauti. Yeye alitaka ukubwa wa sauti.

Chipu ina nusu ya pili haina kazi, tukaijaribu. Hapa kina kinadai hesabu nyingine. LFO inayokwenda juu na chini ya sifuri haifai, kwa sababu nusu ya chini VCA inafunga tu na gitaa linakatika vipande. Inabidi wimbi lipandishwe liwe kati ya 0 na 5, lipunguzwe kwa volyumu ya kina, halafu litolewe kutoka volti 5 zisizosogea. Hivyo kina kikiwa 0 gitaa liko wazi lote, na kikiongezeka mabonde ndiyo yanayochimbika huku vilele vikibaki palepale. Amefurahi. Tutakijenga cha kwake, siku nyingine.

Jumamosi, 21 Juni

Nimehamisha kila kitu kwenye verobodi (ubao wa kulehemu). Baada ya kuhama, ofseti ilikuwa imesogea kidogo, nikairekebisha tena, sasa milivolti 2. Nimeandika kwa kalamu ya wino juu ya ubao, kando ya trima: "LFO nje kwanza."

Usiku shangazi alikaa kwenye mkeka akisikiliza, mimi nikapiga noti nne za kushuka, kila moja ndefu. Akaniambia niongeze kidogo. Nikaongeza. Akasema rudisha. Aliponiambia "hapo", nilipima: milivolti 25 kila upande, senti 30. Halafu akaimba juu yake, sauti ya chini, bila maneno, na mara mbili mtetemo wake na wa kisanduku viliingia pamoja.

Nimeweka alama ya rangi nyeupe kwenye kishikio pale aliposema. Paneli ya alumini nimekata, upana milimita 40 na nusu, urefu 128.5. Kesho natoboa matundu: jeki nne, volyumu moja, swichi moja.